NCHI ILIYOFUMWA KATIKA NGUO

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama siku ya sherehe ya Chama Kikuu kutimiza miaka 10



Naona fahari kubwa kusimama mbele yenu siku ya leo, Chama Kikuu chetu kinapotimiza miaka 10 tangu vyama vyetu vya msingi vilipokubali kufunga mzigo mmoja na kuubeba pamoja. Wenzangu walionitangulia wamekwisha kunena habari za mizani, za ghala, za mikopo na za bei. Mimi nimepewa na Halmashauri kazi nyingine, ambayo huenda mtu akaiona kuwa ndogo: kunena habari ya nguo.

Sababu yake mwaijua. Katika mkutano uliopita lilitolewa shauri kwamba Chama chetu kiwe na nguo yake maalumu, yenye rangi za nchi yetu, itakayovaliwa katika sikukuu, na mfano wake utiwe kuwa alama juu ya mifuko ya kahawa yetu. Mzee mmoja akasimama akauliza, "Je, nguo hiyo itaongeza hata senti moja katika kilo ya kahawa?" Watu wakacheka, lakini swali lile halikuwa la kuchekwa. Fedha itakayotumika ni fedha ya wanachama, na mtu mwenye haki ya kuuliza habari ya fedha ni mwenye fedha. Kwa hiyo naomba nisijibu kwa maneno matamu. Nitawaonyesha jinsi watu wa nchi nyingine walivyofanya jambo kama hili, walichopata, na mahali walipojikwaa. Kisha nitamrudia mzee wetu na swali lake.

NGUO YA MIRABA YA WASKOTI

Waskoti wana nguo iitwayo tartani. Ni kitambaa cha sufu chenye mistari ya rangi mbalimbali, mingine ikipita kwa urefu na mingine kwa upana, ikikatana na kufanya miraba. Sisi hatuna haja ya kuelezwa sana, maana shuka ya miraba ya ndugu zetu Wamasai twaiona kila siku.

Nguo hiyo ni ya zamani. Karibu na mji wa Falkirk kilionekana kipande cha nguo ya miraba pamoja na sarafu za Kirumi katika chungu, nacho ni cha karne ya 3. Kipande kingine kilitolewa katika udongo wa kinamasi huko Glen Affric mapema katika miaka ya 1980, na wataalamu walipokichunguza walikadiria kwamba kilifumwa kati ya mwaka 1500 na 1600.

Mtu asidhani kuwa nguo ni jambo la mapambo tu. Mwaka 1746, baada ya kushindwa maasi yaliyoungwa mkono na watu wengi wa Nyanda za Juu za Uskoti, Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuwakataza wanaume na wavulana kuvaa mavazi ya nyanda hizo. Askari wa mfalme peke yao ndio walioruhusiwa. Sheria hiyo haikufutwa mpaka mwaka 1782. Serikali haipotezi wino wake kukataza kitu kisicho na nguvu. Waliotunga sheria ile walijua kwamba watu wakivaa nguo moja hukumbuka kwamba wao ni wamoja.

Watu wengi huamini kwamba kila ukoo wa Uskoti ulikuwa na tartani yake tangu kale na kale. Sivyo ilivyokuwa. Majina mengi ya koo yalitiwa juu ya nguo hizo katika karne ya 18 na ya 19. Huko Bannockburn palikuwa na kiwanda cha jamaa ya Wilson, ambacho mwaka 1819 kilikuwa na daftari kubwa la mitindo yake. Na mitindo mingine ilikuwa ikiuzwa kwa nambari kabla ya kupewa jina. Mwaka 1822 Mfalme George wa Nne alizuru Edinburgh, na kila bwana mkubwa akataka kuonekana katika tartani ya ukoo wake. Tena mwaka 1842 kilitolewa kitabu kiitwacho Vestiarium Scoticum, kilichodai kuwa kimenakiliwa katika mwandiko wa kale. Wachunguzi walikuja kuona kwamba mwandiko huo ni wa kubuni. Hata hivyo mitindo kadhaa ya kitabu kile inavaliwa mpaka leo.

Wazee wetu walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba pasipo daftari la kuaminika, mwenye sauti kubwa ndiye husadikiwa.

HESABU YA NYUZI

Yafaa sasa nieleze jinsi tartani inavyotungwa, maana ndipo mtajua kwa nini yaweza kuandikwa katika daftari kama deni au akiba.

Katika kitanda cha mfumaji mna nyuzi za namna mbili: za mtande, zilizonyoshwa kwa urefu, na za mshindio, zinazopitishwa kwa upana. Kwa kawaida katika tartani mistari ya mtande na mistari ya mshindio hufuata mpango mmoja. Kila uzi hupita juu ya nyuzi mbili na chini ya mbili, ndiyo sababu ukitazama kwa karibu waona mshazari mdogo katika kitambaa.

Mpango wenyewe ni hesabu. Tuseme kwa mfano: nyuzi 24 za buluu, 4 nyeupe, 16 za kijani, 2 nyekundu. Mfumaji akifika mwisho wa hesabu hiyo, katika tartani nyingi hurudi kinyumenyume: kutoka nyekundu hurudi kijani, nyeupe, mpaka buluu, kisha huanza tena. Ni kama mtu aendaye sokoni na kurudi kwa njia ile ile. Nyumba alizoziona wakati wa kwenda ndizo atakazoziona wakati wa kurudi, ila ya mwisho imekuwa ya kwanza. Mtu wa mbali akiandikiwa hesabu hiyo pamoja na rangi zake, aweza kufuma nguo ile ile bila kuiona hata kipande.

Kuna jambo jingine ambalo mtungaji asiyejua kufuma hulisahau. Mahali mstari wa buluu unapokatana na mstari wa buluu, rangi hubaki buluu safi. Lakini mahali buluu inapokatana na nyeupe, macho huona rangi ya tatu iliyochanganyika. Kwa hiyo rangi 2 huzaa sura 3. Rangi 3 huzaa 6. Rangi 4 huzaa 10. Na rangi 6 huzaa sura 21. Yeye atakaye kutia kila kitu cha nchi yake katika nguo moja, mlima na mto na ndizi na kahawa na udongo na mawingu, mwisho wake hupata nguo yenye rangi ya matope. Hapana budi kuchagua. Tena picha ya mlima haiwezi kuingia katika tartani. Mlima sharti ugeuke uwe mstari, na ukubwa wake ujulikane kwa upana wa mstari huo.

MCHUNGAJI WA NOVA SCOTIA

Sasa naomba mvuke nami bahari ya Atlantiki mpaka mashariki ya Kanada, katika jimbo la Nova Scotia, jina ambalo kwa Kilatini maana yake ni Uskoti Mpya. Jimbo hili halipaswi kuwa geni kwetu wanaushirika. Huko, katika mji mdogo wa Antigonish, Padre Moses Coady na wenzake wa Chuo Kikuu cha St. Francis Xavier waliwakusanya wakulima na wavuvi maskini katika vikundi vya masomo tangu mwisho wa miaka ya 1920, wakawafundisha kuanzisha vyama vya ushirika na vya akiba na mikopo. Mwaka 1959 ilianzishwa taasisi yenye jina la Coady, na viongozi wengi wa ushirika kutoka Afrika walikwenda kujifunza pale.

Katika jimbo hilo hilo, mwaka 1953, wafugaji wa kondoo walikuwa na maonyesho yao katika mji wa Truro. Bibi Bessie Murray, mfumaji hodari wa mji wa Halifax, alishughulika na picha kubwa ya kutundikwa, ya kuonyesha historia ya ufugaji wa kondoo katika jimbo. Ndani ya picha ile palikuwa na mchungaji wa Kiskoti aliyevaa kilti, yaani vazi la kiunoni la wanaume wa kwao. Hapo likazuka jambo gumu. Amvike tartani ya ukoo gani? Akichagua ukoo mmoja, koo nyingine zote zitanung'unika. Bibi Murray akatunga tartani mpya isiyokuwa ya ukoo wowote, ila ya nchi yenyewe.

Alitazama pwani na misitu ya jimbo lake. Akatia buluu ya bahari, nyeupe ya majabali na povu la mawimbi, na kijani cha misitu. Juu ya hayo akatia dhahabu kidogo kwa ajili ya hati ya kifalme ya kale iliyoanzisha jimbo, na nyekundu kidogo kwa ajili ya simba aliye katika nembo yake. Rangi za nchi zilipewa nafasi kubwa, na rangi za wafalme zikapewa nyuzi chache.

Mchungaji yule alikuwa mdogo katika picha, lakini nguo yake ndiyo iliyopendwa, na watu wakataka ifumwe ili waivae. Mwaka 1956 tartani hiyo iliandikishwa katika ofisi ya Lord Lyon huko Edinburgh, ambaye ni mkuu wa mambo ya nembo katika Uskoti. Mwaka 1963 Bunge la jimbo likaitungia sheria. Nova Scotia ikawa jimbo la kwanza la Kanada kuwa na tartani yake, na majimbo mengine yakafuata.

Ndugu Wanachama, yatazameni mambo matatu katika habari hii. Kwanza, nguo ilitungwa ili isimfanye mtu yeyote kuwa mgeni katika nchi yake. Pili, ilitungwa na mtu aliyejua uzi. Tatu, haikuachwa ikae miaka mingi midomoni mwa watu. Baada ya miaka 3 tu ilikuwa imekwisha kuandikwa.

DAFTARI LA EDINBURGH

Kwa muda mrefu orodha za tartani zilikuwa nyingi na zilishikwa na watu mbalimbali. Mwaka 2008 Bunge la Uskoti lilitunga sheria ya kuanzisha daftari moja la nchi, nalo likafunguliwa tarehe 5 Februari 2009. Mlinzi wake ni mkuu wa nyaraka za Uskoti. Sheria hiyo yaeleza hata tartani ni kitu gani: mtindo unaoweza kufumwa, wenye mistari ya rangi mbili au zaidi, inayokatana kwa urefu na kwa upana, na kufanya miraba inayorudiarudia.

Mtu yeyote, wa nchi yoyote, aweza kuleta ombi. Hutakiwa kutoa hesabu kamili ya nyuzi, rangi na picha ya mtindo. Hutoa pia jina, na aeleze ana uhusiano gani na jina hilo, maana haiwezekani mtu wa kando tu ajitwalie jina la mji au la chama cha wengine. Mtindo sharti uwe mpya, usifanane mno na uliokwisha kuandikwa. Daftari lilipofunguliwa ada yake ilikuwa pauni 70. Na daftari lenyewe liko wazi, kila mtu aweza kulisoma.

Lakini hapa ndipo wengi hujikwaa, nami nawaomba mnisikilize sana. Kuandikwa katika daftari lile hakumpi mtu haki ya kuwazuia wengine wasifume mtindo wake. Daftari hukumbuka ni nani aliyetunga, lini, na kwa jina gani. Mwenye kutaka kuwazuia wengine hana budi kutafuta haki hiyo katika sheria nyingine, kama vile sheria za hakimiliki au za alama za biashara. Mtu akilipa ada ya kumbukumbu huku akidhani amelipa ada ya ulinzi, siku ya kuibiwa atakuwa na cheti kizuri ukutani na ghala tupu.

ALAMA YENYE MLINZI

Ni nani basi waliojenga ulinzi? Ni wakulima wadogo wa visiwa vya magharibi ya Uskoti, ambao hufuma majumbani mwao kitambaa kizito cha sufu kiitwacho Harris Tweed. Walipoona kwamba vitambaa vya viwanda vya mbali vinauzwa kwa jina lao, kiliundwa chama mwaka 1909, na mwaka uliofuata alama yao ya tufe lenye msalaba juu yake ikaandikishwa. Mwaka 1993 ikatungwa sheria ya Bunge. Sheria hiyo yasema kwamba kitambaa chenye jina hilo sharti kiwe cha sufu safi iliyotiwa rangi na kusokotwa visiwani, kifumwe kwa mkono na watu wa visiwa hivyo majumbani mwao, na kimalizwe huko huko. Wakaguzi hukitazama kitambaa kabla ya kupiga muhuri. Alama ile yashuhudia mahali, kazi na ubora kwa pamoja, na kila mfumaji anayefuata sharti hufaidika nayo.

Nasi Afrika Mashariki tumeonja mambo haya. Ni nani asiyeijua kanga yenye maneno "Mali ya Abdulla" ukingoni? Jamaa ya wafanyabiashara wa Mombasa waliona mapema kwamba nguo nzuri isiyo na alama huwa mali ya kila mtu. Na mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba huko kwao kwamba neno "kikoy" liwe alama yake ya biashara. Lau ombi lile lingalipita, mfumaji wa Kenya angaliweza kuzuiwa kuuza kikoi chake Uingereza kwa jina la kikoi. Wakenya walipinga, wakasaidiwa na marafiki zao wa Uingereza, na hatimaye ombi likafa. Walishinda kwa sababu waliamka mapema.

SHAURI LETU

Bwana Mwenyekiti, sasa narudi nyumbani. Iwapo Mkutano Mkuu utakubali tuwe na nguo yetu, naomba tufuate mambo manne.

La kwanza, rangi zichaguliwe na vyama vya msingi vyote, vya juu mlimani na vya chini bondeni. Wa juu watasema kijani cha migomba na weupe wa mawingu. Wa chini watasema wekundu wa udongo na rangi ya mto. Rangi zisizidi 4, na hapana chama kitakachopewa rangi yake peke yake.

La pili, mtungaji alipwe haki yake, na aandike hati ya kukipa Chama Kikuu haki zake zote juu ya mtindo. Hesabu, rangi na sababu ya kila rangi ziandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na nakala zihifadhiwe mahali pawili.

La tatu, alama itakayotiwa juu ya mifuko ya kahawa iandikishwe kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA, kuwa alama ya biashara kwa jina la Chama na si kwa jina la Katibu wala la Mwenyekiti. Haki hiyo hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kila miaka 10. Tarehe ya kuhuisha iandikwe ukutani ofisini kwa herufi kubwa, kwa maana maofisa hubadilika na tarehe haibadiliki. Tena tujue kwamba kuandikisha hapa nyumbani hakutulindi katika nchi tuuzako. Huko nako kuna daftari lake na ada yake, basi tuanze na nchi inunuayo zaidi.

La nne, nalo ni kubwa kuliko yote, alama isipigwe juu ya mfuko ambao kahawa yake haikukaguliwa.

Na sasa, Mzee wangu, nakujibu kwa heshima. Nguo peke yake haitaongeza hata senti moja. Kahawa mbaya ndani ya mfuko mzuri itatupunguzia bei, kwa sababu mnunuzi aliyedanganywa mara moja ataijua alama yetu kutoka mbali na kuikwepa. Lakini kahawa njema isiyo na alama huchanganywa na ya wengine njiani, na jasho la mkulima wetu hulipwa bei ya mtu asiyetokwa na jasho. Alama iliyoandikishwa, inayolindwa, na iliyo juu ya kahawa iliyochambuliwa vema, humwezesha mnunuzi kuirudia. Mnunuzi anayerudi ndiye aletaye senti uliyoiuliza, na hataileta mwaka wa kwanza. Ukiona kwamba Chama hakiko tayari kukagua kila gunia, basi pinga shauri hili, nami nitainua mkono pamoja nawe.

Katika miaka hii 10 tumejifunza kupima kwa mizani moja. Mtu aliyezoea mizani ya udanganyifu anajua thamani ya jambo hilo. Lililobaki ni kuweka jina letu katika daftari, kisha kuishi kwa namna isiyolitia jina hilo aibu.

 Mungu akibariki Chama chetu, awape wazee afya, na vijana moyo wa kuendeleza waliyoyakuta.